Fundi Aliyenyoosha Kilichonyooka

Ukitaka kumuudhi Bi Sekunde, mwambie ana macho mabovu. Ukimwambia ana maneno mengi atakuvumilia, maana anayo, na ukimwambia ni mkaidi atakubali na kujisifu juu yake. Lakini macho, thubutu. Alianza kuvaa miwani akiwa darasa la pili, miwani minene kama kitako cha chupa, na kadiri miaka ilivyokwenda namba ikapanda mpaka kumi na nne. Akiivua hamtambui hata mumewe aliyekaa ng'ambo ya meza. Haya yote alikuwa akiyajua vizuri. Ila kwake hayo yalikuwa mambo ya mbali, na mambo ya mbali hayajawahi kumlisha.

Kilichomlisha ni saa. Alikuwa na chumba kimoja kwenye ushoroba wa jengo la maduka, ghorofa ya kwanza, dirisha linatazama pale magari yanapoegeshwa. Meza aliirithi kwa baba yake. Ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, skurubu ndogo ikidondoka ionekane, na pembeni ilikuwa imepigiliwa ubao mwembamba ili skurubu hiyo hiyo isipate njia ya kutoroka. Miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye meza ile. Mafundi wengine wa saa hubana kioo cha kukuzia kwenye tundu la jicho. Yeye hakuwa nacho wala hakukitaka. Alivua miwani, akafumba jicho la kushoto, akaisogeza saa mpaka ikabaki umbali wa vidole vinne kutoka jicho la kulia. Hapo hakuna kilichomponyoka, hata vumbi lililojificha chini ya jino la gurudumu.

"Mungu alinipunja mbali akanizidishia karibu," alipenda kusema. "Ninyi mna nini? Mna vioo."

Na kilichompa jina mjini si betri wala mikanda. Ni unywele. Ndani ya saa za zamani, zile zinazotiwa ufunguo, kuna utepe wa chuma uliojizungusha kama konokono, mwembamba sana, na mafundi wa pale huuita unywele. Ndio unaovuta na kuachia, saa ikapata mwendo wake. Yale maduara yake yasigusane. Yakigusana hata mahali pamoja, saa inakimbia kama inadaiwa, dakika ishirini, dakika thelathini kwa siku. Kuunyoosha unywele uliopinda ni kazi ya pumzi ya kushikilia na kibano chenye ncha kali kuliko sindano, na mafundi wengi huikimbia. Saa zote za namna hiyo zililetwa kwa Bi Sekunde.

Sasa sikia balaa lilivyoingia. Lilikuja Jumatatu moja, bila maumivu, bila wekundu, bila hata chozi. Alifungua saa ya bwana mmoja mwalimu iliyoletwa kusafishwa, akaona duara moja la unywele limebonyea katikati. Akachukua kibano, akabonyeza hapa, akavuta pale, mpaka akaliona limekaa sawa. Akafunga. Siku mbili baadaye akafungua saa nyingine, ile ile kasoro, pale pale katikati. Akanyoosha. Wiki iliyofuata nyingine tena.

"Watu wa siku hizi wanaangusha saa ovyo," alimwambia mumewe. "Wanatazama simu, saa inapigwa mlangoni."

Mumewe alikuwa mpishi wa shule, mtu wa mikono mikubwa na mzaha mwingi, na alikubali kila alichoambiwa kuhusu saa kwa sababu hakujua chochote kuhusu saa.

Kisha zikaanza kurudi. Ya mwalimu ilirudi ikiwa inakimbia nusu saa kwa siku. Ikafuata ya mama mmoja mshona mapazia, ikafuata ya mzee mstaafu wa reli. Katika wiki kumi na moja zilirudi saba. Yeye ambaye saa ikirudi moja kwa mwaka hakosi kununa siku tatu. Alizifungua tena, akakuta nywele zote zimepinda katikati, akazinyoosha upya kwa hasira. Zikazidi kwenda mrama. Kazi ilianza kumtia woga, na hilo hakumwambia mtu.

Mlango wa pili kwenye ushoroba ule alikaa Mzee wa Ukuta. Jina hilo alipewa kwa kuwa alitengeneza saa za ukutani tu, yale masaa makubwa ya maofisini. Zamani alikuwa mwanafunzi wa baba yake Bi Sekunde, na tangu hapo wakaitana kaka na mdogo wangu. Mtu mpole, lakini akikutolea uvivu amekutolea. Mchana mmoja aliingia bila hodi, akiwa na ile saa ya mstaafu wa reli mkononi.

"Huyu bwana amenipitia analia," alisema. "Nimeifungua kwa kioo changu. Mdogo wangu, unywele huu hakuna aliyeuangusha. Umekunjwa kwa kibano. Tena kwa ustadi."

"Unasema nimeukunja mimi?"

"Nasema ulikuwa umenyooka, ukaupinda."

Damu ilimchemka Bi Sekunde. Alimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, yote yakiishia kwamba mtu wa kufunga misumari ukutani asimfundishe unywele. Mzee alirudi chumbani kwake, akaja na karatasi yake ya miraba, ile anayopangia vipande vya saa visichanganyike, akaiweka juu ya meza nyeupe na kutia nukta ya kalamu katikati.

"Vua miwani. Fumba kushoto kama kawaida yako. Tazama nukta. Mistari ikoje?"

Aliinama kwa shingo upande, ili tu amnyamazishe. Mistari ya pembeni ilikuwa sawa. Ile ya katikati ilikuwa imejikunja, miraba mitatu minne imevimba kama karatasi iliyomwagikiwa maji, na nukta yenyewe imefifia.

"Karatasi yako mbovu," alisema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Fumba kulia, tazama na kushoto."

Jicho la kushoto halikuwa hodari, alilifumba kazini kwa miaka yote ile na lilimwonyesha mambo kwa uvivu. Hata hivyo miraba ilikuwa miraba. Akarudi kulia, ikavimba. Kushoto, ikanyooka. Alifanya hivyo mara tano. Laiti angekuwa anafanya kazi kwa macho mawili kama watu wengine, angejua siku ya kwanza kwamba jicho moja linamdanganya. Lakini alilolifumba ndilo lililokuwa likisema kweli. Alikaa kwenye kiti chake, akaitia ile ya mstaafu wa reli kwenye trei pamoja na zile sita, akazitazama zote saba, saba ambazo nywele zake hazikuwa na kosa mpaka zilipofika mkononi mwake, na akasikia aibu.

"Kesho naenda hospitali," alisema.

"Leo," alisema Mzee wa Ukuta. "Nitakufungia mlango."

Kliniki ya macho ilikuwa na viti vya plastiki vya buluu vilivyofungwa pamoja, mmoja akitikisa mguu wote mnatikisika. Mumewe alimfuata huko na aproni bado imemning'inia kiunoni. Bi Sekunde alisomeshwa ubao wa herufi: jicho la kulia mistari mitatu ya juu, basi. Akatiwa matone yaliyomwasha na kupanua mboni, kisha akaitwa na mama wa picha, mama mnene mwenye sauti ya chini aliyekaa kwenye chumba chenye giza.

"Kidevu hapa, paji la uso pale. Tazama taa ya kijani, usipepese."

Mashine ya kwanza ilimmulika mara moja, ikatoa duara la rangi ya chungwa lenye mishipa. Ya pili haikummulika. Mstari mwekundu ulipita taratibu mbele ya jicho, na kwenye skrini likatokea jicho lake limekatwa kwa ubavu, tabaka juu ya tabaka, bila kuguswa na kitu. Fundi ni fundi tu. Pamoja na hofu yote alitaka kujua kipimo.

"Inaona kitu kidogo kiasi gani?"

"Kidogo kuliko unywele wa kichwa chako," alisema mama wa picha.

Daktari aliwaita wote wawili, akageuza skrini. Tabaka zilienda zimelala vizuri kutoka pembeni, halafu katikati kabisa zikapanda, zikafanya kichuguu.

"Kama keki iliyoumuka upande mmoja," alisema mumewe, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka chumbani mle, naye ni daktari.

"Ndivyo hasa, mzee. Mama, jicho la watu wengi ni mviringo. Lako limerefuka kwenda nyuma kama yai, ndiyo maana mbali huoni. Ukuta wa nyuma umevutwa tangu utotoni, ukawa mwembamba, ukapata nyufa. Kwenye ufa mmoja imeota mishipa ya damu isiyohitajika, nayo inavuja. Yale majimaji yameinua retina, yaani ule utando unaopokea picha. Ndiyo sababu mistari inajikunja."

"Nibadilishie miwani."

"Miwani haifiki huko nyuma."

"Nini kinafika?"

"Sindano. Ndani ya jicho."

Mumewe akatazama mlango. Bi Sekunde akamtazama mumewe, na mumewe akatazama tena daktari.

"Nitaona kama zamani?" aliuliza Bi Sekunde. Ndilo lilikuwa swali lake, na lingine hakuwa nalo. Kuona kwa kutembea, kwa kupika, kwa kusoma mabango, hayo yangejisimamia. Alitaka jicho la kushika unywele.

Daktari hakumtia asali masikioni. "Siwezi kuahidi. Dawa inazuia kuvuja. Wengi wanaoianza mapema hubaki walipo, au hupanda mistari miwili mitatu kwenye ule ubao. Wasiotibiwa, wengi hupoteza kuona kwa katikati. Mtu wa hivyo atakuona mabega, sura asiione. Kinachoamua zaidi ni jicho lilikuwa linaona kiasi gani siku ya kwanza ya matibabu, na tumechelewa kiasi gani."

"Wiki kumi na moja," alisema Bi Sekunde. Hakuna aliyemwuliza amejuaje. Alijichukia wakati ule, nisikufiche. Wiki zote zile alikaa akinyoosha kilichonyooka na kuwasengenya wenye simu, na jicho linavuja. Kisha akapiga moyo konde. "Unachoma lini?"

"Keshokutwa kuna nafasi."

"Kesho hakuna?"

Alichomwa kesho yake. Walimtia matone ya ganzi, wakalisafisha jicho kwa dawa ya kahawia, wakamfunika uso kitambaa chenye tundu na kuziachanisha kope kwa kifaa cha waya. Daktari akachukua kijichombo chenye ncha mbili.

"Hicho cha kazi gani?"

"Kupimia nitakapoingilia. Milimita nne kutoka ukingo wa weusi."

"Usikadirie, daktari."

"Sikadirii, mama. Tazama juu."

Alisikia kusukumwa, si maumivu, na viputo vyeusi vikaelea mbele yake kama mafuta kwenye supu. Nje alimkuta mumewe ameketi akiwa amefumba macho yote mawili. Ikabidi yeye aliyechomwa amshike mkono aliye mzima, ampeleke nyumbani.

Mwezi wa kwanza kichuguu kilishuka nusu. Mwezi wa pili kilikuwa kimelala, picha safi kabisa, mumewe akapiga makofi. Lakini ubao wa herufi ulimpa mistari minne tu, na kwenye karatasi ya miraba, ambayo sasa alikuwa ameibandika bafuni na kuitazama kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki, mistari ya katikati ilikuwa bado na mkunjo.

"Picha yako inasema nimepona," alimwambia daktari. "Mimi nasema sijapona. Nani mwongo?"

"Hakuna mwongo. Picha inaonyesha maji yamekauka. Haiwezi kurudisha chembe zilizokwisha kufa chini ya yale maji. Tunatibu ili zisife nyingine."

Jibu lile lilimkata maini, lakini alilipenda kwa kuwa halikuzunguka. Aliendelea na matibabu. Kazini alibadilisha betri na mikanda. Wenye zile saa saba aliwapigia simu mmoja mmoja na kuwaambia kosa ni lake, si la saa, akaagiza nywele mpya na kumpa Mzee wa Ukuta azifunge kwa kioo chake. Mzee alizifunga polepole kama mtu anayekula samaki mwenye miiba. Jioni, kukiwa bado na mwanga, Bi Sekunde alijifunza kutumia jicho la kushoto. Alikaa na saa mbovu na kibano, kulia kafumba, na mkono uliozoea miaka thelathini na mmoja ukawa unashika hewa pembeni ya skurubu. Alitukana, akaanza upya. Kila siku nusu saa. Baada ya miezi miwili alikuwa anaishika skurubu mara tisa kati ya kumi. Unywele ulibaki ukungu.

Mwezi wa nne, Alhamisi, akiwa na mswaki mdomoni, aliona mraba mmoja ambao jana ulikuwa sawa umeinama. Akaweka alama kwa penseli. Ijumaa uliinama zaidi. Tarehe yake ya kliniki ilikuwa bado siku kumi na saba. Akaenda.

"Siku yako bado, mama," alisema karani wa mapokezi bila kuinua kichwa. "Uje tarehe yako."

"Jicho langu halijasoma kadi."

"Leo kumejaa."

"Sawa. Nitakaa."

Akakaa kwenye viti vya buluu tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri, karatasi ya miraba mapajani, akimtazama karani kwa ile miwani yake inayokuza macho mpaka yanajaa vioo. Karani alivumilia mpaka akachoka kutazamwa. Alipoingia, mama wa picha alipitisha mstari wake mwekundu, na daktari akaona kijidimbwi kidogo cheusi chini ya retina, kimeanza tu.

"Ungesubiri tarehe, kingekuwa ziwa," alisema. Akachomwa siku ile ile, na mwezi uliofuata tena.

Mwezi wa saba daktari aliweka picha zote kwenye skrini moja, ya kwanza juu, ya mwisho chini. Ya mwisho ilikuwa imelala, kavu, na kovu dogo la kijivu katikati. Ubao ulimpa mistari mitano kati ya minane.

"Haya ni matokeo mazuri, mama. Nasema kweli. Tunasimamisha sindano, utaendelea kuja tupige picha. Inaweza kurudi. Na kushoto pia kuna ufa, bado haujavuja."

"Na ule mkunjo?"

"Huo utabaki nao."

"Milele?"

"Sidhani kama utaondoka."

Hakulia pale. Alilia kwenye ngazi, mumewe akisimama nyuma yake kuwazuia watu wasimpite, kisha akajifuta, akavaa miwani, na kumwuliza kama amebakisha chakula cha mchana cha watoto wa watu. Alikuwa amebakisha.

Wiki iliyofuata yule mama mshona mapazia alirudi. Alikuwa na saa ya kike, ndogo kama kitufe cha shati, ya marehemu mama yake, imeanguka kweli kweli.

"Mtu mwingine simpi," alisema. "Uliniambia kosa lako mwenyewe kwa mdomo wako. Nakuachia."

Bi Sekunde aliifungua. Maduara mawili ya unywele yalikuwa yamegusana, hilo hata kwa jicho la kushoto aliona. Akafanya kazi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akayaachanisha. Akitazama na kushoto, ukungu. Akitazama na kulia, anaona kila duara kwa ukali, ila lile la katikati limepinda. Alilisogeza kidogo kuelekea nje, akageuza saa, mkunjo ukahamia duara lingine. Hapo akajua mkunjo ni wake. Lakini je, wote? Au nusu ni wa jicho na nusu ni wa chuma? Hilo hakuwa na njia ya kulijua, na kibano kilikuwa kimeshashuka tayari.

Akakiweka chini. Kwenye miaka thelathini na mmoja ile hakuwahi kumwuliza mtu yeyote kuhusu unywele, hata baba yake siku zake za mwisho. Akainuka, akaenda mpaka mlango wa pili.

"Kaka. Njoo na kioo chako."

Mzee wa Ukuta aliacha saa ya ofisi imelala kifudifudi, akaja, akainama juu ya meza nyeupe. Aliutazama unywele duara kwa duara. Bi Sekunde alisimama nyuma yake, mikono kwapani.

"Umenyooka," alisema mzee.

"Wote?"

"Wote. Usiuguse."

Bi Sekunde akakaa kwenye kiti chake, akavua miwani, akaisogeza saa umbali wa vidole vinne. Kwa jicho lake unywele ulikuwa bado umepinda, wazi kabisa, na mkono wake wote ulitaka kuunyoosha. Akaifunga saa hivyo hivyo.